Jibu: Je, uadilifu wa mtu hujengwa utotoni?

Ndugu, umeuliza kama mtu huzaliwa na uadilifu au huupata utotoni, na kama ni hivyo kila mahali. Utafiti mmoja wa nchi 7, uliochapishwa mwaka 2015, unasaidia. Mapema au baadaye, watoto wa nchi zote walikataa mgawo uliowapunja wenyewe. Lakini kukataa mgawo unaompunja mwenzao kulionekana Kanada, Marekani na Uganda tu, tena kwa watoto wakubwa. Naamini uchungu wa kuonewa hauhitaji mwalimu. Kumwonea uchungu mwenzako ndiko kunakotegemea sana waliokulea. Ila aliyekosa malezi hayo usimkatie tamaa. Wapo waliokulia kwenye ukatili na leo ni wazazi wapole kabisa.