Jibu: Perege wanalishwa vizuri lakini hawakui
Mkuu, umeuliza kwa nini perege wako hawaongezeki uzito ilhali unawalisha vya kutosha. Kabla hujalaumu chakula, angalia msongo, yaani mahangaiko ya samaki. Samaki wakisongamana, wakikosa oksijeni au wakivuliwa kila mara kupimwa, adrenalini (homoni ya dharura) hupanda papo hapo, kisha kotisoli (homoni ya msongo) hufuata baada ya dakika chache na sukari huongezeka kwenye damu. Ikitokea mara moja tu, hutulia baada ya saa kadhaa. Balaa ni msongo wa kila siku: kotisoli huvunja protini ya misuli ili itengenezwe sukari, hupunguza hamu ya kula na kudhoofisha kazi ya homoni ya ukuaji. Kinga nayo hushuka. Yaani unalisha mahangaiko, si minofu! Pima oksijeni alfajiri, maana ndipo huwa chini zaidi bwawani, na acha kuwashikashika.