Wazazi wote kundi A, mtoto katoka O: imewezekanaje?

SWALI: Habari dokta. Mi na mke wangu tumepimwa wote tuko kundi A, sasa mtoto wetu wa kwanza kapimwa kaonekana ni O. Shule tulifundishwa A ni tawala na O ni fichu, sasa kama wote wawili tuna tawala hiyo fichu imetokea wapi? Halafu kuna mtu kaniambia uwezekano wa kupata mtoto O ni robo, ina maana watatu wanaofuata watakuwa A? La mwisho, mdogo wake mke wangu ana sikoseli, ila mke wangu mwenyewe mzima kabisa, hiyo nayo inarithiwa hivyohivyo? Ndugu wameshaanza maneno ndo maana nauliza.

JIBU: Salama kaka. Kwanza mi sio dokta wa wodini, ni mtu wa maabara, mambo ya jeni ndo kazi yangu. Na hao ndugu waambie wapumzike, A na A kuzaa O ni kitu cha kawaida kabisa, tunakiona kila siku na hakihitaji mtu wa tatu kukielezea.

Shida inaanzia kwenye kile kipimo chenyewe, watu hawajui kinapima nini. Fundi wa maabara anachukua tone la damu yako anaweka kwenye kigae cheupe, anaongeza tone la dawa ya anti-A, anakoroga na kijiti kidogo halafu anakitikisa kigae taratibu huku anaangalia. Kama seli zako zina alama ya A, muda si mrefu unaona damu inaacha kuwa laini, inajikusanya vipunje vipunje huku maji yakibaki pembeni. Anarudia na anti-B, damu inabaki laini vilevile. Anaandika A, kazi imeisha. Sasa angalia kitu ambacho kipimo hakijakugusa kabisa: una nakala ngapi za A? Kila jeni ya kundi la damu unayo mara mbili, moja ya baba moja ya mama, ziko kwenye kromosomu namba 9. Mtu mwenye A mbili na mtu mwenye A moja na O moja damu zao pale kwenye kigae zinagandana sawasawa, hata fundi mwenye macho makali kiasi gani hawezi kuwatofautisha. Wote wanaandikiwa A. Kwa hiyo karatasi yako inaposema A inaweza kuwa AA na inaweza kuwa AO, na kwa kuwa mmepata mtoto O, ambaye lazima awe na O mbili, moja kutoka kwa kila mmoja wenu, tayari tunajua nyie wote ni AO. Mtoto amewapima.

Kwanini A moja inatosha kuifunika O? Hapa ndo penye utamu wenyewe na ndo sehemu shule nyingi zinairuka, wanakuchorea kile kiboksi cha herufi basi. Jeni ya A ni maelekezo ya kutengeneza kimeng'enya, yaani protini ya kazi maalumu, ambacho kazi yake ni kubandika sukari fulani juu ya seli nyekundu, hiyo sukari ndo alama ya A. Jeni ya B ni karibu ileile ila inabandika sukari tofauti kidogo. Aina ya O iliyo ya kawaida zaidi imepoteza herufi moja tu ya DNA, moja, na kwa kuwa maelekezo yanasomwa herufi tatu tatu, ikitoka moja yote yanayofuata yanasogea na kuwa upuuzi, protini inakatika njiani, hakuna kinachobandikwa. Kwa hiyo O haina nguvu ndogo wala haijashindwa vita na A, ni nakala isiyofanya kazi. Ukiwa AO, ile A moja inatengeneza kimeng'enya cha kutosha kubandika sukari, na O imekaa pembeni kimya ila iko nzima, haijachujuka wala kuchanganyika na A, na siku ya kutengeneza mbegu ya kiume au yai inatoka na nafasi sawa kabisa na A, nusu kwa nusu. Ukikuta mtu ana A na B pamoja hakuna wa kumficha mwenzake, vimeng'enya vyote viwili vinafanya kazi, ndo anakuwa AB.

Unataka kujua O yako ilitoka upande gani wa ukoo wenu? Angalia wazazi wako. Kama mmoja wao ni O basi ni huyo. Kama mmoja ni B na wewe ni A, pia ni huyo huyo wa B, kwa sababu A yako haiwezi kutoka kwake, kwa hiyo alichokupa ni O aliyokuwa ameificha chini ya B. Kama mmoja ni AB, huyo mtoe, hana O ya kutoa, tafuta kwa mwingine. Wote wakiwa A hapo huwezi kujua kwa karatasi.

Onyo dogo kabla sijaendelea, maana najua kuna watu watasoma hapa waanze kupima familia zao. Kundi la damu haliwezi kuthibitisha nani ni baba, linaweza tu wakati mwingine kuleta mashaka, mfano mzazi AB akawa na mtoto O. Na hata hapo kuna aina adimu ambapo A na B zimekaa kwenye kromosomu moja, na kuna makosa ya kuandika majina kwenye chupa za damu, na kuna watoto wachanga ambao alama zao bado hazijakomaa vizuri. Mwenye mashaka ya kweli akapime DNA, asitumie kigae. Suala la pozitivu na negativu nalo ni mtindo uleule, wazazi wote pozitivu wanaweza kupata mtoto negativu, usishtuke.

Sasa hilo la robo. Chukua sarafu mbili, moja wewe moja mke wako, upande wa kichwa uwe A na upande wa pili uwe O. Zirushe pamoja. Kichwa-kichwa ni AA, mchanganyiko ni AO na unakuja kwa njia mbili, nyuma-nyuma ni OO. Ndo hiyo robo yako. Ukishapata nyuma-nyuma mara ya kwanza, ukirusha tena ni robo tena, sarafu hazijui kilichotokea na mbegu na mayai hayajui mlishazaa nini. Hakuna zamu. Mtoto wa pili anaweza kuwa O, wa tatu pia. Nikikupigia hesabu, wazazi wote AO wakizaa watoto wanne, uwezekano wa kupata O mmoja kamili na A watatu, kama vile kitabu kinavyochora, ni kama asilimia 42 tu, na uwezekano wa kupata wote wanne A bila O hata mmoja ni kama asilimia 32. Yaani familia nyingi haziendani na kile kiboksi na hakuna kilichoharibika.

Mendel mwenyewe aliliona hili. Yule mtawa wa mji wa Brno, Ucheki ya leo, aliyegundua kanuni za urithi, alipanda njegere kwa miaka, akachapisha 1866. Alipovusha njegere za mviringo na zenye mikunjo, kizazi cha kwanza zote zikawa mviringo, kizazi cha pili akahesabu mbegu 5,474 za mviringo na 1,850 zenye mikunjo, karibu kabisa na tatu kwa moja. Lakini kwenye maandishi yake anataja mmea mmoja uliotoa 43 za mviringo na 2 tu zenye mikunjo, na mwingine 14 kwa 15. Mmea mmoja mmoja hauna adabu, ile tatu kwa moja inatulia ukishahesabu maelfu, na hakuna familia ya watu yenye maelfu ya watoto. Na ile mikunjo, 1990 wanasayansi walikuja kuona kwenye DNA sababu yake: kipande cha ziada kimejipachika katikati ya jeni ya kimeng'enya kinachosaidia kuunda wanga, wanga unakuwa pungufu, sukari inabaki nyingi ndani ya mbegu, mbegu inavuta maji inavimba, ikija kukauka ganda linakunjamana. Nakala isiyofanya kazi, tena, na nzima moja inatosha kuifunika.

Kuna jambo hujaliuliza ila huwa linafuata mara nyingi, kwamba basi tawala itaenea hadi fichu iishe. Hapana. O ni fichu na ndo kundi lenye watu wengi zaidi duniani, kwa wenyeji asilia wa Amerika ya Kusini karibu watu wote ni O. Upande wa pili, vidole sita mara nyingi ni tabia tawala na bado ni wachache sana wanaozaliwa navyo. Tawala inahusu kinachoonekana kwa mtu mmoja mwenye nakala mbili tofauti, haisemi chochote kuhusu wingi. Mwaka 1908 Hardy, mwanahisabati wa Cambridge, na Weinberg, daktari wa Ujerumani, kila mmoja kivyake walionyesha kwamba kama hakuna kitu kingine kinachosukuma, uwiano wa hizo nakala kwenye jamii unabaki palepale kizazi kwa kizazi. Na kama shule walikufundisha kukunja ulimi ni jeni moja tawala, tupa, mapacha wa kufanana wameshakutwa mmoja anakunja mwingine hawezi.

Haya, sikoseli, na hapa soma taratibu kwa sababu lina maana kwenu kuliko kundi la damu. Kwanza usichanganye, A ya kwenye AA na AS sio A ya kundi la damu, hii ni himoglobini ya kawaida, ile protini inayobeba oksijeni kwenye damu, na S ndo himoglobini ya sikoseli, jeni yake iko kromosomu 11, ni kitu kingine kabisa. Mtu anaweza kuwa kundi O na AS. Kila wiki nakutana na mtu anayesema "mi niko kundi A kwa hiyo sina sikoseli", hapana jamani.

S imetofautiana na A kwa herufi moja, na ugonjwa wa SS unahitaji nakala mbili, ndo maana tunasema ni fichu. Lakini ukichukua damu ya mtu AS ukaipitisha kwenye umeme maabara, kile kipimo cha elektroforesisi, unaona mistari miwili imekaa, mmoja wa himoglobini A mmoja wa S, wote wazi, hakuna aliyejificha. Kwa hiyo ukiuliza nani anaumwa, S ni fichu, ukiuliza nini kimo ndani ya seli, A na S zote zinaonekana. Na ukiuliza nani ana kinga kiasi dhidi ya malaria kali, hapo S moja inatosha, mtafiti mmoja, Allison, alilionyesha 1954 na ndo sababu S haijapotea sehemu zenye malaria.

Mke wako sasa. Kama mdogo wake ni SS, na wazazi wao hawaumwi, basi wazazi wote ni AS. Watu husema mke wako ana nusu ya kuwa AS, sio kweli. Kwenye ile hesabu ya sarafu kuna njia nne, ila yeye ni mzima kwa hiyo njia ya SS imeshatoka, zimebaki tatu, na mbili kati ya hizo tatu ni AS. Theluthi mbili, sio nusu. Kubwa hilo, na kuwa mzima kabisa hakupunguzi chochote, AS wengi wanaishi miaka yote bila kujua.

Kwa hiyo nendeni mkapime wote wawili, na mtaje kwamba mnataka elektroforesisi ya himoglobini au kipimo kingine kinachotenganisha aina zake. Kile cha haraka kinachoangalia tu kama S ipo hakitofautishi AS na SS, na kinaweza kukosa aina nyingine kama C, ambayo ikikutana na S nayo inaleta ugonjwa. Ukitoka wewe ni AA, hakuna mtoto wenu atakayekuwa SS hata kama mke ni AS, ingawa nusu wanaweza kubeba S moja. Mkitoka wote AS ni robo kila mimba, kila mimba upya kama nilivyosema juu. Na huyu mliyenaye msimsubirishe majibu yenu, apimwe naye sasa hivi, kwa sababu miezi ya mwanzo mtoto bado ana himoglobini ya tumboni inayomkinga, anaweza kuwa SS na akaonekana hana tatizo lolote, na akijulikana mapema anaanzishiwa dawa za kuzuia maambukizi kabla hajaanza kuumwa.