Kupiga Picha Vijiko Vikubwa vya Garzweiler na Hambach

Picha yangu ya kwanza ya Bagger 288, kijiko kikubwa cha mgodini kinachochimba kwa gurudumu lenye ndoo, ilionyesha kitu kinachofanana na kichezeo kilichosahauliwa mchangani. Nilikuwa nimesimama ukingoni mwa mgodi wa Garzweiler, magharibi mwa Ujerumani, nikitazama mashine yenye urefu wa takriban mita 220, kimo cha mita 96 na uzito wa tani 13,500, lakini nilirudi nyumbani na picha isiyokuwa na dalili yoyote ya ukubwa huo. Kwetu Mbinga, ambako makaa ya Ngaka huchimbwa kwa vijiko vya kawaida, ukubwa wa kijiko hujulikana mara moja kwa sababu lori linalopakiwa liko ubavuni mwake. Garzweiler udongo na makaa huondolewa kwa mikanda mirefu, na shimo ni pana kiasi kwamba kila kilichomo huonekana kidogo.

Kwa hiyo ushauri ninaouthamini kuliko mwingine wote ni huu: tafuta kipimo ndani ya picha. Usibonyeze mpaka gari la wafanyakazi lipite karibu na minyororo ya mashine, au mtu aonekane akipanda ngazi zake. Niliwahi kusubiri karibu saa mbili kwa ajili ya gari moja jeupe, na picha hiyo ndiyo pekee ya mwaka ule ambayo bado nimeitundika ukutani. Chukua lenzi ya milimita 300 au zaidi, kwa sababu lenzi pana, ambayo wengi huikimbilia wanapoona kitu kikubwa, hukupa shimo na anga tu.

Lenzi ndefu ina adui wake, nayo ni hewa. Mchana wa kiangazi joto linalopanda kutoka kwenye udongo mtupu huitikisa hewa, na vyuma vilivyonyooka hutokea kama vilivyopinda, hata kamera ikiwa ya bei kubwa kiasi gani. Nenda alfajiri, au siku inayofuata mvua, vumbi likiwa limetulia. Kwenye eneo la kutazamia la Terra Nova huko Elsdorf, unapoutazama mgodi wa Hambach upande wa kusini-magharibi, asubuhi mwanga huwa nyuma yako. Jioni jua hutua mbele yako, na mashine hubaki kivuli cheusi kilichochorwa angani. Mimi hupenda zaidi dakika zinazofuata machweo, taa za mashine zikiwa zimewashwa na anga ikiwa bado na rangi ya buluu, kwani kazi huendelea hata usiku.

Gurudumu la Bagger 288 lina kipenyo cha zaidi ya mita 21 na ndoo 18, nalo huzunguka polepole. Ukipiga kwa sehemu ya 1/1000 ya sekunde litaonekana limesimama. Weka kamera kwenye stendi imara, jaribu robo ya sekunde, kisha nusu, kisha sekunde nzima, mpaka ndoo zianze kuyeyuka huku mwili wa mashine ukibaki mkali. Ukingoni kuna upepo mwingi, hivyo tundika mkoba wako chini ya stendi, na usibadilishe lenzi hapo nje.

Usivuke vizuizi. Ukingo ni udongo uliokatwa, na unaweza kuporomoka bila onyo.

Nina jambo moja ninalolijutia. Nilipita kijiji cha Immerath, karibu na Garzweiler, mara kadhaa wakati kanisa lake lenye minara miwili likiwa bado limesimama, na sikulipiga picha kwa kuwa nilikuwa na haraka ya kuufikia mgodi. Januari 2018 likabomolewa ili makaa yaliyo chini yake yachimbwe. Tangu hapo nageuza kamera pia upande wa vijiji, kwa sababu picha ya chuma peke yake haielezi chuma hicho kilikuwa kinakula nini.

Anayetaka kusogea karibu kabisa aende Ferropolis, karibu na Gräfenhainichen, mashariki mwa nchi, ambako mashine tano kuukuu zimehifadhiwa katika eneo la mgodi wa zamani wa Golpa-Nord. Hapo ndipo lenzi pana inapopata kazi yake: mwombe mwenzako asimame chini ya ndoo, nawe upige ukiwa umechuchumaa.