Usiogope kuikosoa rasimu ya IETF

Ndugu yangu, umeuliza kama fundi wa mitandao asiye na jina anaweza kutoa maoni juu ya rasimu ya IETF, jumuiya inayoandaa viwango vya kiufundi vya intaneti, iliyofikia wito wa mwisho, yaani muda wa mwisho wa umma kutoa maoni kabla haijaidhinishwa. Unaweza, tena unahitajika sana. IETF haina uanachama. Hoja hupimwa kwa uzito wake.

Ila wahi. Rasimu iliyotoka kwenye kikundi kazi cha IETF hupewa angalau wiki 2 za maoni, ya mtu binafsi angalau wiki 4. Ikishachapishwa kuwa RFC, yaani hati rasmi yenye namba, maandishi yake hayabadilishwi tena.

Mimi huisoma kama mtu atakayeandika programu akiwa na rasimu hiyo tu mkononi. Pakiti, yaani kifurushi cha data, ikija na urefu uliotajwa usiolingana na data iliyomo, mpokeaji aitupe au arudishe ujumbe wa kosa? Rasimu ikinyamaza, watengenezaji wawili watatafsiri tofauti na vifaa vyao havitaelewana. Hapo ndipo penye kazi hasa. Kagua pia kila "lazima" (MUST) na "inapendekezwa" (RECOMMENDED) ya herufi kubwa, ambazo RFC 2119 ya 1997 ilizipa maana maalumu, na sehemu ya usalama, ambayo wengi huipitia haraka mno.

Ukiandika, taja kifungu, eleza kitakachoharibika, kisha pendekeza sentensi mbadala. Na kama umeisoma yote usione tatizo, sema hivyo pia.