Siku ya ziada tuilale Horombo au Kibo?

*Shikamoo mzee. Tuko wanane wa ofisi moja, tunapanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu ili tuwe kileleni Desemba 9, Siku ya Uhuru. Tumelipia siku sita badala ya tano. Mwongozaji anasema ile siku ya ziada tutakaa Horombo, kituo cha pili cha kulala. Mwenzetu mmoja aliyewahi kupanda anasema huko ni kuchezea hela: heri tufike Kibo, kituo cha mwisho, mapema, tupumzike pale mchana na usiku mzima, tukiamka tuko chini ya kilele. Wengi wanamuunga mkono. Tumfuate nani?*
*Mhasibu, Dodoma*

Marahaba, mwanangu. Mfuateni mwongozaji.

Huyo mwenzenu hajakosea kila kitu. Kutoka Horombo hadi Kibo ni saa tano hadi sita za kutembea, na anayefika Kibo alasiri akaamshwa saa tano usiku hajapumzisha hata soli za viatu. Ila pale Kibo hapumziki mtu. Nimelala pale tangu ningali mpagazi na sijapata kuamka nimeshiba usingizi. Maji hakuna, yale mnayoyanywa wapagazi wameyabeba kutoka chini. Mpishi ataleta supu nzuri na mtaitazama tu, maana hamu ya kula imeondoka. Baridi ndiyo hiyo. Na mtu akisinzia, pumzi yake hukatika sekunde kadhaa, kisha anashtuka akihema kwa nguvu. Anayelala kitanda cha jirani hudhani mwenzake anakata roho. Hakati roho, ndivyo watu wengi wanavyopumua usiku kwenye mwinuko ule. Lakini usiku wa namna hiyo, mkilala mara mbili mfululizo, mtaanza safari ya kilele mmechoka kuliko mlivyofika.

Tazama mita zenyewe. Mandara ni 2,720, Horombo 3,720, Kibo kama 4,720. Kila kituo kimekaa mita elfu juu ya mwenzake. Madaktari wa milimani wanashauri kwamba ukishapita mita 3,000, mahali pa kulala pasipande zaidi ya mita 500 kwa usiku mmoja, na kila baada ya siku tatu au nne ukae siku nzima bila kupandisha kitanda. Njia ya Marangu haifuati ushauri huo. Siku ya sita mliyoilipia ni ya kupunguza deni hilo, na deni hulipwa kabla halijawa kubwa, yaani Horombo.

Mkiwa pale mwili unafanya kazi msiyoiona. Hewa ikiwa nyepesi mnahema zaidi, na kuhema huko kunatoa hewa ukaa nyingi mno, damu inapoteza uwiano wake. Figo ndizo zinazourudisha kwa kutoa bikaboneti kwenye mkojo, na zinahitaji siku moja, mbili, wakati mwingine zaidi. Kwa hiyo mkiona mnakwenda chooni kila saa msinune. Atakayenuna ni yule ambaye hakojoi.

Hata hivyo siku ya Horombo si ya kulala kutwa. Mkishakunywa uji, pandeni taratibu hadi Zebra Rocks, yale mawe yenye michirizi myeusi na myeupe, kama mita 4,000. Mwenye nguvu asogee mbele kidogo kuelekea Mawenzi. Kaeni, pigeni picha, kisha rudini kwa chakula cha mchana. Mwili umeonjeshwa hewa ya juu, halafu unalazwa chini. Njia ya Machame inafanya hivyo hivyo: mchana mnafika Lava Tower, kama mita 4,600, jioni mnashuka Barranco iliyo karibu na 3,900. Wageni hunung'unika kila mara kwamba wanapandishwa ili washushwe. Usiku wakilala vizuri wananyamaza.

Kama kinachowasukuma ni tarehe, ingieni getini Desemba 5. Tarehe 6 na 7 mtalala Horombo, 8 mtafika Kibo, na usiku huo huo mtaianza safari ya kuikuta 9 juu. Ila siku hizo mlima hujaa watu, kwa hiyo nafasi za vitanda zishughulikiwe mapema.

Jioni ya mwisho Horombo, kila mmoja aseme kweli hali yake. Mwenye kichwa kisichotulia kwa paracetamol, au chakula hakikai tumboni, asiende Kibo kesho yake. Na yeyote anayeyumba kama mlevi, au anayehema akiwa amekaa na kukohoa mapovu, huyo anateremshwa saa ile ile, hata kama ni usiku wa manane na mvua inanyesha.

*Nasikia wanaopanda Everest hushuka hadi vijijini siku chache kabla ya kilele. Mbona wanazitupa mita walizozitolea jasho? Na sisi Kilimanjaro tungeshuka Marangu tukala mtori, halafu turudi, si ingekuwa vizuri?*
*Kijana wa Kibosho*

Mtori wako nakuunga mkono, ila ule ukishamaliza.

Kambi kuu ya Everest upande wa Nepali iko mita 5,364. Iko juu kuliko ncha ya Mawenzi, 5,149. Hapo watu wanakaa wiki kadhaa, wakipita kwenye barafu ya Khumbu kwenda kambi za mita 6,000 na 7,000 na kurudi. Mwishoni mwili umeshazoea, lakini umechakaa: nyama imepungua, kikohozi hakiishi, kidole kilichokatwa na kamba hakifungi kidonda. Hata La Rinconada ya Peru, mji ulio juu kuliko yote duniani, uko kama mita 5,100 tu. Kwa hiyo wengi hushuka Dingboche au Pheriche, kama mita 4,400, wengine hadi Namche, 3,440. Huko wanakula, wanalala, wanasubiri habari za upepo, kwa kuwa katikati ya Mei ule upepo mkali wa juu huhama kileleni. Mita hawajazitupa. Chembe nyekundu za damu walizozijenga huishi karibu miezi minne. Siku nne za kula viazi haziziondoi. Mwenzetu Wilfred Moshi, Mtanzania wa kwanza kufika juu kule, Mei 2012, alikulia kwenye mlima huu huu wetu.

Wewe ukifika Kibo una siku nne tu mlimani. Hujajenga kitu cha kwenda kukitunza bondeni, na kila siku ndani ya hifadhi inalipiwa. Ukitaka kuwaiga wa Everest, panda Meru kwanza, mita 4,566, ukilala Miriakamba na Saddle. Shuka, pumzika Moshi usiku mmoja au miwili, ule mtori wako, kisha ingia Kilimanjaro. Usikae wiki tatu katikati, mazoea yanapotea.

*Mume wangu alitapika Kibo na kichwa kikamuuma, wakamshusha Horombo. Asubuhi akawa mzima kabisa, akataka kurudi juu, mwongozaji akakataa. Alitutendea haki?*
*Mama Neema, Tanga*

Aliwatendea haki, mama. Kupona Horombo kunaonyesha kwamba kushuka kulimfaa, basi. Angerudi siku ile angepanda mita elfu hadi Kibo, na usiku huo huo nyingine zaidi ya elfu hadi kilele cha Uhuru, na chakula na vibali vilihesabiwa kwa siku zilizokwisha. Safari ijayo alale Horombo mara mbili, na amwone daktari mapema kuhusu Diamox, dawa ya kuusaidia mwili kuzoea mwinuko; kama ana mzio wa dawa za salfa, amwambie.