Jibu: Mbao za ubavuni zinapandana kwenye omo

Ndugu, umeuliza kwa nini mbao za ubavuni mwa meli yako ya mfano zinapandana ukifika omo, yaani mbele ya meli, ilhali katikati zimelala vizuri. Ni kwa sababu ubavu, kutoka sitaha hadi mkuku (uti wa chini wa meli), ni mfupi zaidi kwenye omo, na wewe unatumia upana uleule mwanzo hadi mwisho.

Zungushia kila taruma, yaani kiunzi cha kukingama kinachoshika umbo la meli, ukanda wa karatasi, upime, kisha gawa kwa idadi ya mbao. Tuseme katikati ni milimita 100, omo 60, mbao 20: kila ubao utakuwa milimita 5 katikati, ukipungua taratibu hadi 3. Usichonge chini ya nusu ya upana wake. Ikilazimu kwenda chini ya hapo, ni heri ubao mmoja uishie njiani, usifike omo.

Loweka kwa maji ya moto, pinda, acha ukauke ndipo utie gundi. Ubao uliolowa husinyaa ukikauka na kuacha nyufa. Tena fanya kulia na kushoto kwa zamu, la sivyo mkuku utapinda, na huo haunyookeki tena.

Ila kama hili ni ganda la ndani, yaani tabaka la kwanza la mbao, na kuna la pili litakalolifunika, mbona unajitesa? Ziba mapengo kwa pati, piga msasa, endelea.