Maswali yenu ya vitu vya ajabu: vizimba vya watoto, gari la maji na cherehani ya bibi

Haya nimerudi. Maswali yamejaa, na kama kawaida nusu yake ni skrinshoti zisizo na kichwa wala miguu, mtu kakata picha, kafuta jina la aliyeiposti, kafuta na tarehe, halafu ananiuliza "eti hii kweli?" Sasa mimi nitajuaje? Nimeshasema humu mpaka mdomo umechoka, kitu cha ajabu cha kweli huwa kina mwenyewe. Kuna jina la mtu, kuna mwaka, kuna mji, na mara nyingi kuna karatasi imekaa kwenye ofisi fulani. Ukivikosa vyote hivyo usifowadi, tulia na bando lako. Twende.

SWALI: Kuna picha ya zamani inazunguka, mtoto mchanga kawekwa kwenye kizimba cha waya nje ya dirisha la ghorofa, chini kabisa ni barabara. Hiyo si AI kweli? (Msomaji, Dodoma)

Si AI. Vizimba hivyo vilikuwepo na vilitumika. Mama mmoja wa Spokane, Marekani, Emma Read, aliomba hati miliki ya uvumbuzi wa kizimba hicho mwaka 1922 akapewa 1923, na mchoro wake upo mpaka leo, yeyote anaufungua na kuusoma bure. Enzi hizo madaktari walikuwa wanasisitiza sana hewa safi kwa watoto, sasa mtu anakaa ghorofani hana hata kiuwanja, basi mtoto anatundikwa dirishani. London nako miaka ya 1930 kuna klabu ya watoto ya Chelsea iliwapa wanachama wake wasio na bustani. Hata Eleanor Roosevelt, kabla mumewe hajawa rais wa Marekani, alimtundikia bintiye kizimba pale New York mpaka jirani akatishia kumshtaki.

Ila mnanishangaza jamani. Picha ya kweli yenye hati miliki mnasema AI, halafu klipu ya nyoka wa vichwa saba mnaitumia kwenye grupu la familia na emoji za kulia.

SWALI: Selfie stick kagundua nani? Mshikaji wangu anabisha eti ni Wachina.

Mshikaji anakudai au unamdai? Maana hapo umeshinda. Ni Mjapani, Hiroshi Ueda, injinia wa kampuni ya kamera ya Minolta. Jamaa alikuwa anapenda kusafiri na kupiga picha, siku moja yuko Paris kwenye jumba la makumbusho la Louvre na mkewe, akamwomba mtoto mmoja awapige picha, mtoto kapokea kamera kachomoka nayo mbio. Mzee akarudi Japani akatengeneza fimbo ya kurefuka, kamera inakaa kwa mbele, na mbele ya kamera kuna kioo kidogo ili ujione kama umekaa vizuri. Hati miliki ya mwaka 1983. Na haikuuzika! Watu hawakuona haja ya kujipiga picha wenyewe. Hati yake ikaisha muda 2003, miaka michache baadaye simu zenye kamera ya mbele zikaenea, wengine wakatajirika.

Sasa utamu wenyewe ni huu. Mwaka 1995 kilitoka kitabu cha Mjapani mwingine, Kenji Kawakami, huyu kazi yake ilikuwa kukusanya vitu vinavyoitwa chindogu, yaani uvumbuzi ambao kweli unatatua tatizo lakini ukiutumia mbele za watu utatamani ardhi ipasuke. Viatu vyenye miamvuli midogo ili ncha zisilowe, siagi kwenye kichupa cha kuzungusha unaipaka kwenye mkate kama gundi ya shuleni, nguo ya mtoto anayetambaa yenye nyuzi za deki tumboni ili akitambaa anasafisha sakafu. Na humo humo ndani, kati ya vituko hivyo, ilikuwemo fimbo ya kujipigia picha. Ilikuwa kichekesho. Kawakami ana masharti yake kumi, mojawapo chindogu hairuhusiwi kuuzwa na hairuhusiwi kuwekewa hati miliki, na mimi kwa hilo namheshimu sana, maana siku hizi mtu akibuni kitu cha kumenyea kitunguu tu tayari ana semina ya ujasiriamali ukumbini, kiingilio elfu hamsini.

SWALI: Kamera ya kwanza kurusha picha laivu kwenye intaneti ilikuwa ya nini?

Birika la kahawa. Chuo Kikuu cha Cambridge, mwaka 1991, wataalamu wa kompyuta walichoka kushuka ngazi na kukuta birika tupu wakaliwekea kamera, 1993 likaingia mtandaoni dunia nzima ikawa inaangalia kahawa ya watu. Ilizimwa 2001, birika likauzwa kwa mnada pauni 3,350, tena bovu.

SWALI: Kaka, kuna fundi TikTok ana gari linatumia maji badala ya petroli, anatafuta wadau wa kuchangia. Serikali kwa nini haimsaidii? (Msomaji, Mwanza)

Hili swali nalipata kila wiki. Wiki nyingine linakuja limevaa sumaku, "jenereta inayojizungusha yenyewe bila mafuta", wiki nyingine ni feni inayowasha taa na taa inawasha feni. Ni mtu yule yule kabadilisha shati.

Sikiliza ndugu yangu wa Mwanza. Maji yameshaungua. Hidrojeni ikishaungua na oksijeni unapata maji, hayo ndiyo majivu yake, na ukitaka kuyatenganisha tena inabidi uingize nishati isiyopungua ile utakayoipata ukiyachoma upya, na njiani nyingine inapotea kama joto. Kwa hiyo hilo gari linakula betri, au kuna kidumu cha petroli hujaonyeshwa. Chuo cha sayansi cha Ufaransa kilitangaza mwaka 1775 kwamba hakipokei tena barua za watu waliovumbua mashine ya kujiendesha milele, nadhani nao inbox ilikuwa imejaa kama yangu.

Na story ya gari la maji ina mwenyewe, Stanley Meyer wa Ohio, Marekani. Alikuwa na kigari cha wazi cha kukimbizia mchangani, akasema kinaweza kukata Marekani kutoka pwani hadi pwani kwa galoni 22 za maji. Wawekezaji wawili walimpa hela, baadaye wakamfikisha mahakamani, wataalamu wakakifungua kile kifaa chake wakakuta ni upitishaji wa umeme kwenye maji wa kawaida kabisa, ule wa maabara ya sekondari. Mwaka 1996 mahakama ikasema ni utapeli wa wazi, rudisha dola 25,000 za watu. Alikufa 1998, daktari akasema mshipa wa damu ulipasuka kichwani, lakini mtandaoni mpaka kesho utaambiwa kampuni za mafuta zilimuua.

Umesema anatafuta wadau wa kuchangia. Hapo ndipo ulipotakiwa kushtuka, siyo kwenye injini. Na kama umeshatuma, usitume tena "ya kumalizia".

SWALI: Shikamoo. Mwalimu wetu kasema maji ya moto yanaganda haraka kuliko ya baridi ukiyaweka kwenye friza. Darasa zima tumecheka. Nani yuko sawa? (Mwanafunzi, Tanga)

Marahaba mwanangu. Yaani uko Tanga na unacheka hilo? Mwaka 1963, hapo hapo mkoani kwenu, Magamba Sekondari kule Lushoto, kulikuwa na kijana wa kidato cha tatu anaitwa Erasto Mpemba. Wanafunzi walikuwa wanatengeneza aiskrimu, unachemsha maziwa, unatia sukari, unasubiri yapoe ndipo unaweka kwenye friza. Tatizo friza dogo, nafasi zinagombaniwa. Mwenzake mmoja akaamua asichemshe kabisa, kakoroga sukari kaweka fasta awahi nafasi. Mpemba kuona hivyo, na yeye akaingiza yake ikiwa ya moto vile vile, liwalo na liwe. Saa moja na nusu baadaye wakafungua. Yake imeganda, ya mwenzake bado uji.

Kamuuliza mwalimu, kaambiwa umechanganya mambo. Baadaye anakutana na rafiki yake anayeuza aiskrimu Tanga mjini, yule anamwambia mbona sisi tunaweka ya moto siku zote. Akaenda shule ya Mkwawa, Iringa, kauliza tena, mwalimu akamjibu kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, siyo fizikia ya dunia, na kuanzia hapo kila akikosea hesabu darasa zima linaimba "hesabu za Mpemba". Sasa siku moja shuleni akaja Denis Osborne, profesa wa fizikia kutoka chuo kikuu Dar es Salaam, akakaribisha maswali. Dogo akasimama, akauliza lile lile. Wenzake kucheka na kuona aibu. Osborne hakucheka. Alirudi Dar akamwambia fundi wa maabara ajaribu, fundi akarudi na majibu kwamba kweli ya moto yametangulia kuganda, ila akaahidi wataendelea kurudia mpaka wapate jibu sahihi! Makala yao wawili ilitoka mwaka 1969, Mpemba wakati huo yuko chuo cha wanyamapori Mweka, na leo duniani kote jambo hilo linaitwa kwa jina lake.

Kwa hiyo mwalimu wako yuko sawa? Nusu. Haitokei kila mara, inategemea chombo, friza, kiasi kinachovukizwa, na mwaka 2016 watafiti wa Uingereza walirudia vipimo kwa makini wakasema hawaoni ushahidi wa kutosha. Wanabishana mpaka leo. Weka vikombe viwili vinavyofanana kwenye friza ya nyumbani, andika joto la kuanzia, andika muda, rudia. Na mwombeni mwalimu radhi.

SWALI: Nasikia kuna Mmarekani aliuza mawe akawa tajiri. Naomba siri yake.

Gary Dahl, 1975. Kokoto ya kawaida ndani ya kiboksi chenye matundu ya kupumulia na kitanda cha majani makavu, pamoja na kijitabu cha kumfundisha jiwe "kaa" na "tulia", kwa dola 3.95. Yaliuzwa zaidi ya milioni. Siri ni kwamba alikuwa mwandishi wa matangazo, alichouza ni kile kijitabu. Wewe ukiuza mawe utauza ya kujengea, na kuna ushuru.

SWALI: Bibi ana cherehani ya Singer ya zamani. Kuna watu wamekuja na gari zuri wanasema ndani ina mekyuri nyekundu, wanataka kutoa mamilioni. Tuuze? (Msomaji, Kahama)

Dada, funga mlango kwanza.

Mekyuri nyekundu, yaani hiyo zebaki nyekundu inayodaiwa kuwa na thamani kubwa, haipo. Hakuna maabara iliyowahi kuionyesha. Uvumi huu wa cherehani ulilipuka Saudi Arabia mwaka 2009, watu walikuwa wanabeba Singer za bibi zao sokoni, bei zikapanda mpaka kama dola 50,000 kwa mashine moja, na kipimo chao kilikuwa kusogeza simu karibu na sindano, eti laini ikikatika basi mekyuri ipo. Simu! Polisi wakaingia kuchunguza. Ndani ya cherehani kuna chuma, grisi na vumbi la vitambaa.

Sasa utajiuliza, kama haipo hao wanatoa mamilioni ya nini? Hawatoi. Kinachofuata ni hivi, watasema mnunuzi mkubwa yuko njiani lakini kuna hela ya kipimo, hela ya kibali, hela ya dawa ya kuifungulia, na zote hizo atatafuta bibi. Mimi hawa watu nawachukia kuliko wezi wa kawaida kwa sababu wanachagua wazee. Ongea na bibi taratibu, usimfokee, maana akiona aibu atawapigia kimya kimya. Cherehani ishoneeni mashuka.

SWALI: Kweli kuna watafiti wa Tanzania walitumia soksi zinazonuka kukamata mbu?

Kweli, na ni jambo la maana. Taasisi ya Afya Ifakara, kikosi cha Dk. Fredros Okumu, walitengeneza mitego ya nje ya nyumba yenye harufu ya miguu ya binadamu, soksi zilizovaliwa zikiwemo, mwaka 2011 wakapata ufadhili mkubwa wa kuendeleza. Mbu anayeleta malaria anakufuata kwa pua. Kabla yao Bart Knols, Mholanzi, alionyesha kuwa mbu huyo anavutiwa na jibini la Limburger sawa na anavyovutiwa na miguu, akapewa tuzo ya Ig Nobel 2006. Tuzo hiyo ni ya tafiti zinazokuchekesha kwanza ndipo ufikiri. Andre Geim aliipata mwaka 2000 kwa kumwelesha chura hewani kwa sumaku, 2010 akapata Nobel yenyewe ya fizikia. Hapana, kutofua soksi hakukingi malaria, msinitafutie ubaya.

SWALI: Muvi ya Kiganda ya Captain Alex nitaipata wapi bila yule jamaa anayeongea juu yake? Ananiharibia.

Huipati popote. Isaac Nabwana aliitengeneza Wakaliga, Kampala, mwaka 2010, kwa bajeti inayotajwa kuwa chini ya dola 200, halafu akaifuta kwenye kompyuta ili apate nafasi ya muvi inayofuata. Iliyobaki ni DVD yenye sauti ya VJ Emmie tu. Na kukuharibia vipi? Mtu aliyekulia kwenye mabanda ya video na watafsiri wa muvi kama Lufufu au DJ Afro hawezi kusema hivyo. Iangalie tena, safari hii ongeza sauti.